Mengineyo

Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za kikao:
nani kafika, nani kaomba udhuru,
hoja katoa nani, kaiunga mkono nani.
Ukumbi wa mji wa Elmquist, Minesota,
Jumanne ya pili ya Machi, theluji ikiyeyuka viatuni mwetu,
madiwani watano, na watu wamesimama hadi mlangoni.
Hawakujaa hivi hata tulipojadili maji ya kunywa.

Ajenda ya sita: viwanja vya pikoboli.
Diwani Prell akacheka. Jina lina achari, alisema,
lakini achari yenyewe siioni, nasikia kelele tu.
Nimeandika: Diwani aliomba ufafanuzi.

Mhandisi Tuyet Halvorsen akatandaza picha mezani.
Ufa huu unameza kidole. Huu unameza kiatu.
Maji huingia wakati wa vuli kwa adabu ya mgeni,
kisha usiku mmoja wa Januari hujitangaza mwenye nyumba
na kuiinua sakafu kwa mabega.
Miaka sita iliyopita kuziba kulikuwa dola mia tisa.
Mliahirisha. Sasa ni ukuta:
laki tatu na elfu kumi na mbili,
sakafu, uzio, nyavu, taa.
Tarakimu nimeziandika. Sikuandika mluzi
wa mtu wa nyuma, mrefu kama bei yenyewe.

Jimbo litatoa nusu, mji ukionyesha nusu yake.
Marlys Kjelgren, dereva mstaafu wa basi la shule,
akasimama na mkebe wa kahawa.
Akasoma mapato kama anayeita watoto waliobaki kituoni:
pai za tufaha, mia nne na kumi;
matofali yenye majina, elfu mbili na mia saba;
mtu asiyetaka kutajwa, dola tano, kila Ijumaa.
Bado pengo.
Tukakata, tukakata,
tukafika kwenye taa: elfu arobaini na nane.
Zikatolewa.

Ndipo Bwana Ebeling, nyumba ya kona, akaomba dakika tatu.
Tok, alisema. Tok. Tok. Tangu saa moja asubuhi.
Mke wangu alikufa Agosti, dirisha likiwa wazi.
Sauti ya mwisho aliyoisikia ni ninyi mkibishania pointi.
Akaketi. Dakika mbili na nusu zikabaki bila mwenyewe.
Hakusema kama ni lawama.
Nimeandika: Mkazi alitoa maoni kuhusu sauti.

Na yule kijana wa kiwanda cha batamzinga, Bounthavy,
mikono bado inanuka klorini,
aliuliza swali moja tu:
Mimi natoka kazini saa tano usiku.
Uwanja bila taa, kwangu, si ni picha?
Meya akamshukuru. Akasema: awamu ya pili.
Awamu ya pili ni droo yetu ya chini kabisa,
ndani yake kuna daraja, maktaba, na njia ya baiskeli ya mwaka tisini na nane.

Kura nne kwa moja. Imepita.
Mengineyo: hakuna.
Kikao kilifungwa saa tatu na dakika arobaini.

Nilibaki kupanga viti, kisha kuandika, kisha kutoandika.
Nilipotoka, ilikuwa karibu saa sita. Barabara ya mtoni,
gari moja limesimama, taa zake zikiangalia uwanja wa zamani,
na ndani ya mwanga ule, Bounthavy na Marlys,
yeye na makoti mawili, wakiruka nyufa wanazozijua kwa majina.
Mpira ukitoka kwenye mwanga wanauacha uende,
wanacheka, wanautafuta kwa simu.

Niligeuza gari langu.
Nikaliweka sambamba na lile, nikawasha taa kali.
Hakuna aliyetoa hoja, hakuna aliyeunga mkono.

Muda si muda, nyumba ya kona,
taa ya barazani ikawaka.
Sijui ilitaka tunyamaze
au ilitaka kuona.
Iliwaka mpaka mchezo ukaisha.
Hilo nalo sikuliandika.